Milima ya Irangi Ilivyosomwa kutoka Angani



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa historia ya kwetu. Tumekwisha kuandika juu ya michoro ya mapangoni kule Kolo na juu ya vita vya mwaka 1916. Safari hii tumeamua kuandika juu ya ardhi yenyewe: ilivyoharibika, ilivyoponyeshwa, na jinsi wataalamu walivyoisoma habari hiyo kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni kikao kimoja cha maandalizi. Kamati iliweka mezani picha mbili za milima yetu zilizopigwa na setilaiti. Moja ni ya miaka ya 1970, nyingine ni ya miaka hii ya karibuni. Zote mbili tulizipata bure kwa kompyuta, tukazichapisha kwenye karatasi kubwa. Katika ile ya zamani, milima ina mabaka meupe yanayong'aa, na mito ya mchanga inateremka mabondeni mipana kama barabara kuu. Katika ile mpya, mabaka mengi yamefunikwa, na mito ile imekonda.

Tulijawa na fahari. Lakini mzee mmoja mzaliwa wa Haubi, tuliyemwalika atusaidie kutambua mahali, aliziangalia kwa muda mrefu, akavua miwani, akauliza: "Sasa wajukuu zangu, na ng'ombe wangu wako wapi hapa?"

Wachache wetu tulicheka. Kisha tukaona kuwa Babu hatanii. Makala hii ni jaribio letu la kumjibu.

Kabla ya picha

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba makorongo ya Irangi yaliletwa na wazazi wetu waliofuga kupita kiasi. Ndivyo tulivyoambiwa shuleni na ndivyo walivyosema mabwana shamba. Ukweli ni mrefu zaidi. Watafiti waliochimba mashapo huko Haubi na kupima umri wa mchanga uliofukiwa mabondeni wamegundua kwamba udongo wa milima hii ulianza kuteremka karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajafika.

Baadaye mambo yaliongezeka kasi. Katika karne ya 19 Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya biashara iliyotoka pwani kuelekea bara, na misafara ilihitaji chakula. Wakaja Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer na ya von Lettow-Vorbeck yakapambana hapa hapa kwetu. Wakafuata Waingereza, ambao walifyeka misitu mingi ili kumfukuza mbung'o, na papo hapo wakawaamuru wananchi kulima matuta na kupunguza mifugo ili udongo usihame. Wazazi wetu waliona amri hizo kama mzigo, na nyingi hazikudumu baada ya Uhuru.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu za milima zilikuwa zimebaki mwamba na udongo mwekundu ulio wazi. Makorongo yalikuwa na kina cha kumeza nyumba. Mvua ikinyesha, mchanga ulishuka na kufunika mashamba ya bondeni. Mashariki ya mji wa Kondoa na kaskazini yake palikuja kuhesabiwa eneo la kilomita za mraba 1,256 ambalo kwenye nyaraka za serikali lilijulikana kama eneo la Kondoa lililomomonyoka. Ndilo eneo ambalo wengi wetu tunaliita nyumbani.

Mwaka mmoja kabla ya HADO

Tarehe 23 Julai 1972, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupiga picha nchi kavu na rasilimali zake. Baadaye iliitwa Landsat 1. Ilizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 900 hivi, na kila baada ya siku 18 ilirudi juu ya mahali pale pale. Picha yake moja ilifunika kilomita 185 kila upande. Kwa hesabu hiyo, eneo letu lote lililomomonyoka lingeingia zaidi ya mara 25 katika picha moja.

Mwaka uliofuata, 1973, serikali yetu ikisaidiwa na Sweden ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao sote tunaujua kwa jina la HADO.

Hakuna aliyepanga mambo haya mawili yafuatane. Lakini kwa kufuatana kwake, sisi watu wa Irangi tuna kitu ambacho maeneo mengi hayana. Jicho la angani lilifunguka mwaka mmoja kabla ya kazi ya kuponya ardhi yetu kuanza. Hali ya mwanzo, kazi yenyewe na matokeo yake vinaweza kutazamwa kwa mfululizo mmoja. Asiyeamini maneno yetu anaweza kuzitafuta picha akajionea.

Setilaiti inaona nini

Ni vizuri tueleze kidogo, kwa sababu hata sisi kamati tulianza kwa kukosea. Katika picha zile milima imejaa rangi nyekundu, na kijana mmoja alisema mara moja, "Huo ndio udongo wetu." Kumbe sivyo. Katika picha za namna hiyo wekundu ndio majani na miti.

Sababu yake ni hii. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Kifaa kilichofungwa kwenye Landsat 1, ambacho kilibuniwa na mhandisi mwanamke wa Marekani, Virginia Norwood, kilikuwa na uwezo wa kuupima mwanga huo. Wataalamu wakaamua kuuonyesha kwa rangi nyekundu ili macho yetu yaweze kuuona. Kadiri wekundu unavyokolea, ndivyo uoto ulivyo mwingi. Mchanga na udongo mtupu hutokea mweupe au wa kijivu.

Picha hizo za mwanzo hazikuwa na macho makali. Punje moja ya picha ilikuwa na upana wa mita 80 hivi, yaani zaidi ya eka moja na nusu ya shamba. Mti mmoja hauonekani, nyumba haionekani, wala ng'ombe. Kuanzia mwaka 1982 setilaiti za Landsat zilizofuata zilikuwa na punje ya mita 30, ambayo haifiki robo eka. Tangu mwaka 2015 zipo setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zenye punje ya mita 10.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho ni pesa. Katika miaka ya 1980 picha moja ya Landsat ilifika kuuzwa zaidi ya dola 4,000. Fikirini chuo chetu kimoja kingenunua ngapi. Zaidi ya hapo, sehemu nyingi za Afrika hazikupigwa picha mara kwa mara katika miaka hiyo, na kuna vipindi virefu ambavyo picha za kwetu ni chache. Ndiyo maana watafiti wengi wa Kondoa walitegemea pia picha zilizopigwa kwa ndege, ambazo zinaonyesha hata mti na njia ya miguu. Mwaka 2008 Marekani iliamua kutoa hazina yote ya Landsat bure. Kama si uamuzi huo, kamati yetu isingekuwa na picha mezani.

Walioongoza usomaji

Picha haijisomi. Kati ya karatasi yenye rangi na kauli kwamba "ardhi imepona" kuna kazi ya watu wengi, na kazi hiyo inahitaji kiongozi.

Miongoni mwa walioupima mmomonyoko wa kanda yetu kwa utaratibu wa kisayansi walikuwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi. Mwaka 1972 Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple walitoa kitabu cha tafiti za mmomonyoko nchini Tanzania, zikiwemo zile za mabonde na mabwawa ya karibu na Dodoma yaliyokuwa yakijaa mchanga. Katika kundi hilo alikuwemo kijana Mswidi, Carl Christiansson, ambaye aliendelea kurudi kanda ya kati kwa miaka mingi, na mwaka 1981 akachapisha utafiti wake mkubwa juu ya mmomonyoko katika Tanzania ya nyanda kame.

Baadaye uongozi ukawa wa pande mbili. Profesa Idris Kikula wa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye wengi mnamjua kama makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, alishirikiana na Christiansson katika mpango wa utafiti juu ya binadamu na ardhi katika nyanda kame za Tanzania. Mwaka 1996 wawili hao walihariri pamoja kitabu cha matokeo yake. Kupitia ushirikiano huo Watanzania waliandika tasnifu zao juu ya vilima vyetu: Pius Yanda juu ya bonde la Mwisanga, Mung'ong'o juu ya jamii na mazingira ya Irangi, na Richard Kangalawe, mwaka 2001, juu ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Tunayataja majina haya kwa sababu watoto wetu wanapaswa kuyajua. Waliotembea kwenye makorongo yetu wakiwa na ramani mkononi hawakuwa wageni watupu.

Tulipojaribu kuelewa kiongozi wa kundi kama hilo anafanya nini hasa, tuliona kwamba kazi yake kubwa ni kuwazuia wenzake wasiamini picha upesi.

Jambo la kwanza ni majira. Kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Picha ya Machi ina kijani kila mahali, hata shamba la mahindi linaonekana kama kichaka. Picha ya Agosti inaonyesha milima imekauka, kwa kuwa miti mingi hupukutisha majani. Mtu akiweka Machi ya mwaka mmoja mbele ya Agosti ya mwaka mwingine, atatangaza jangwa au muujiza, na vyote viwili ni uongo. Lazima mwezi ulingane na mwezi. Hata hapo hajamaliza, maana mwaka wa mvua nyingi kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998 hauwezi kulinganishwa kijinga na mwaka wa ukame.

Jambo la pili ni kwenda kuona kwa miguu. Baka jeupe kwenye picha linaweza kuwa mlima uliochunwa, au mchanga wa mtoni, au shamba lililovunwa jana. Angani yote matatu yanafanana. Kiongozi huchagua mahali pa kuhakiki, huwapeleka watu wake huko, na hapo ndipo mwenyeji anakuwa mwalimu. Profesa hajui kwamba mahali fulani palikuwa boma la mtu, au kwamba korongo fulani lilianza kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Bibi anayeishi pale anajua.

Jambo la tatu ni kusikiliza hata jambo linaloonekana halina maana. Mtaalamu wa mila na jamii, Wilhelm Östberg, aliishi na jirani zetu Waburunge, na mwaka 1995 akaandika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Ardhi Inakuja Juu". Wataalamu waliona udongo unashuka. Wazee wa Kiburunge walimweleza kwamba ardhi inapanda: mawe na udongo mgumu vinajitokeza juu, mwaka hata mwaka. Mtu mwenye haraka angesema wazee hawajui. Lakini aliyesimama shambani kwa miaka 40 na kuona jiwe ambalo halikuwepo likichomoza hadi gotini, ameona kweli alichokiona. Anayepima kutoka juu anaona kilichoondoka, naye mkulima anaona kilichobaki.

Mwaka 1979

Sasa turudi kwa Babu na swali lake.

HADO ilianza kwa makinga maji. Mashine kubwa zilichonga matuta kufuata mzunguko wa vilima, vitalu vya miche vikaanzishwa, mkonge na majani ya makarikari vikapandwa. Lakini mifugo iliendelea kuchunga juu ya matuta yale yale, na kazi ikawa inabomoka kila msimu. Mwaka 1979 ukatoka uamuzi ambao mtu yeyote wa Irangi wa umri huo hawezi kuusahau: mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka. Hawakuachwa mbuzi wala punda. Makumi ya maelfu ya wanyama yalitolewa.

Uoto ulirudi haraka kuliko wengi walivyotarajia. Nyasi zilitangulia, vichaka vikafuata, na baadaye miti ikachipua kutoka visiki vya zamani. Mchanga ukapungua kushuka. Mito ya mchanga ikajibana ikawa myembamba, na pembeni mwake wananchi wakaanza kulima viazi vitamu, miwa, migomba na mahindi mahali ambapo zamani palikuwa jangwa dogo. Hayo yote watafiti waliyaona kwa picha za ndege, kwa picha za setilaiti na kwa miguu yao. Kondoa ikawa mfano uliotembelewa na wageni kutoka nchi nyingi.

Bei ya ushindi huo haikuandikwa kwenye picha. Wapo waliouza ng'ombe kwa bei ya hasara kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza siku hizo hizo. Wapo waliowapeleka kwa ndugu nje ya eneo, na baada ya miaka michache wakawa wageni kwa mali yao wenyewe. Maziwa yalitoweka majumbani. Samadi ilikwisha, na shamba lisilo na samadi katika udongo kama wetu linachoka. Mahari, msaada wa kufiwa, ada ya shule, vyote vilikuwa vinatoka zizini, na zizi lilikuwa limefungwa. Ilipofika mwaka 1989 ndipo ufugaji wa ndani ulipoanza kuruhusiwa kidogo kidogo, ng'ombe wa maziwa akikatiwa majani na kulishwa bandani. Lakini si kila familia iliweza kumpata ng'ombe huyo.

Ng'ombe wako wapi

Basi jibu la kwanza kwa Babu ni hili: ng'ombe wako hawamo kwenye picha, na kutokuwemo kwao ndiko kulikoifanya picha iwe ya kijani.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Ng'ombe hawakuyeyuka. Wengi walishuka tambarare, nje ya mpaka wa HADO, na huko wakaongezeka juu ya wale waliokuwepo. Ukichukua mkasi ukakata picha kufuata mpaka wa eneo, utapata hadithi safi ya mafanikio. Ukiiacha picha nzima, utalazimika kuuliza tambarare zilibeba nini ili milima ipumzike. Waliouliza swali hilo walikuwa wataalamu wa jamii waliokaa na watu, nao ndio waliofanya sifa za Kondoa zianze kusemwa kwa kiasi. Tunadhani hili ndilo jambo kubwa katika kuongoza utafiti wa namna hii. Kabla ya kuamua picha inasema nini, mtu anaamua picha inaishia wapi.

Kuna jibu la tatu. Setilaiti inaona jani, haioni kina cha udongo. Uoto ulirudi Irangi, lakini udongo wa juu ulioteremka haukupanda tena mlimani. Kichaka kinaweza kuota juu ya changarawe na bado kikaonekana kizuri kutoka kilomita mia kadhaa juu. Mkulima anayeingiza jembe ndiye anayejua alichobakiwa nacho. Ardhi yetu ni kama mgonjwa aliyeondoka hospitali: anatembea na anacheka, lakini hajarudiwa na nguvu zake. Mgonjwa wa namna hiyo akirudishiwa mizigo yote mara moja, ataanguka.

Kwa nini tunawaandikia haya

Ufadhili wa Sweden ulikoma miaka ya 1990. Ulinzi ukalegea, mifugo ikarudi kwa hatua, na hatuwalaumu waliorudisha, kwa sababu wengi wao walinyang'anywa maisha mwaka 1979 bila kulipwa kitu. Watu tumeongezeka. Mkaa unachomwa. Makinga maji ya zamani yamekatika sehemu nyingi, na wanaolima juu yake leo hawajui hata nani aliyachonga. Katika picha mpya tuliyoiweka mezani, pamoja na uzuri wake, Babu alituonyesha kwa kidole mahali ambapo weupe umeanza kurudi. Tulikwenda mwenyewe naye mguuni kuhakiki. Moja ya mabaka hayo ni korongo linaloukaribia uwanja wa shule ambayo baadhi yetu tulisoma darasa la kwanza. Tulipokuwa watoto, pale palikuwa mahali pa kuchezea kombolela.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kulizuia korongo hilo kabla halijafika madarasani: vizuizi vya mawe, makinga maji mapya juu yake, na upandaji wa majani na miti kwenye kingo. Wananchi wamekubali kutoa nguvu kazi na mawe. Tunachohitaji kwenu ni fedha za vifaa na usafiri.

Kazi ya pili ni kitalu kimoja cha miche na mbegu za majani ya malisho, ili anayefuga ndani apate cha kukata. Hatutaki tena siku ya kumwambia mtu aondoe ng'ombe wake. Tunataka awe nao na mlima ubaki umefunikwa.

Kazi ya tatu ndiyo iliyozaliwa na swali la Babu. Tunataka vijana wachache wa sekondari wafundishwe kuzisoma picha hizi, ambazo sasa ni bure, kwa kompyuta moja na simu zenye uwezo wa kuonyesha mahali ulipo. Kisha watembee na wazee. Kila mzee aonyeshe boma lake lilikuwa wapi kabla ya 1979, alichunga wapi, ng'ombe wake walipelekwa upande gani, korongo la kwake lilianza mwaka gani. Vijana waandike, wapige alama, waweke juu ya picha. Watafiti wa Dar es Salaam na Stockholm walituonyesha njia, lakini hawakuweza kukaa na kila familia. Sisi tunaweza.

Na kazi hii ya tatu haina subira. Picha za mwaka 1973 zitakuwepo miaka mia ijayo, zimehifadhiwa vizuri kabisa. Aliyekuwa na miaka 30 siku mifugo ilipotolewa amekwisha kupita miaka 70. Tangu kikao kile tumewazika wazee wawili waliokuwa kwenye orodha yetu ya kuhojiwa.

Makadirio ya gharama za kazi zote tatu yako ukurasa wa mwisho, pamoja na namba za kutumia mchango na majina ya wahasibu wetu. Hesabu za mwaka jana, zilizokwisha kukaguliwa, ziko ukurasa wa kabla ya huo. Aliye mbali na hana fedha kwa sasa, lakini ana baba, mama, babu au bibi aliyeishi Irangi mwaka 1979, tunamwomba ampigie simu mzee wake wiki hii, amuulize kuhusu ng'ombe wa nyumbani kwao, na atuletee majibu. Huo nao ni mchango, nasi tutauandika kwenye orodha kama michango mingine.



Kamati ya Maandalizi